George Stephenson: kutoka shimo la makala mpaka treni

Mu mwezi wa Septemba 2025, kule kaskazini ya Uingereza, watu walisimama kando ya njia ya reli, wengine na watoto ku mabega, juu ya kuangalia lokomotivi moja ndogo ya mvuke ikipita. Haikuwa ya mbio. Ukiiangalia haraka utasema ni pipa la mafuta lenye wamewekea magurudumu ine na bomba refu la moshi. Lakini ilikuwa inatembea ku reli ya leo, ile ile yenye treni za kawaida zinapita kila siku, chini ya taa za leo za nyekundu na kijani. Jina yake ni Locomotion No. 1. Ao tuseme vizuri: ni mutoto wake. Ile ya kweli, ya mwaka 1825, inalindwa mu musée. Hii yenye kutembea ilitengenezwa mwaka 1975 na vijana wenye walikuwa wanajifunza kazi ya chuma mu viwanda vya kule, na baada ya miaka 50 waliitengeneza tena juu ya sikukuu ya miaka 200.

Kutembeza mashini ya zamani namna hiyo si muchezo. Uingereza waliacha treni za mvuke mu mwezi wa Agosti 1968, na kwa miaka tatu hivi walikataza karibu moshi yote ku reli za serikali. Kuanzia 1971 mulango ulifunguliwa kidogo kidogo. Leo lokomotivi ya mvuke yenye inataka kutoka ku reli kubwa lazima ibebe vyombo vyenye wazee wenye waliitengeneza hawakuviota: chombo chenye kufunga freni chenyewe kama dereva amepita taa nyekundu, na kingine chenye kuandika mwendo wote wa safari. Shodiere, ile tanki yenye kuchemusha maji, kila miaka 10 inatolewa na kuchunguliwa ndani na inje. Maji pia ni shida, sababu yale mabomba makubwa ya maji yenye yalikuwaka ku kila gare hayako tena. Kamyo inakuja kuingoja treni ku kituo. Na fasi yenye kuko waya ya umeme juu, yenye kubeba volti 25 000, hakuna mutu anaruhusiwa kupanda juu ya tenda kusukuma makala. Sisi wenye tunakaa kando ya njia ya Lubumbashi na Kolwezi tunaijua ile waya. Haichekeshi.

Watu wanakubali taabu hii yote na makuta hii yote juu ya kuona mashini moja ipite na moshi yake. Wengine watasema ni mapenzi ya wazungu wenye kukosa kazi. Sisi tunafikiri kuko sababu nyingine, na iko mu maisha ya mutu mwenye alitengeneza ile Locomotion ya kwanza. Hakuwa mutoto wa masomo. Alikuwa mutoto wa shimo.

George Stephenson alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 mu kijiji cha Wylam, karibu na muji wa Newcastle. Fasi ile yote ni inchi ya makala ya mawe. Baba yake, Robert, alikuwa mutu wa kutia makala mu moto ya mashini ya pompi, yenye kutoa maji mu shimo. Kwa Kifaransa mutu wa namna hiyo anaitwa chauffeur, mwenye kupasha moto. Kutoka hapo njo tulipata neno letu shofere, hata kama shofere wa leo hapashe moto kitu. Baba, mama na watoto sita walilala mu chumba kimoja. Mbele ya mulango kulikuwa njia ya reli ya miti, na farasi walikuwa wanapita wakivuta vagoni za makala. Baba hakujua kusoma, mama vilevile, na makuta ya shule haikukuwa.

George alianza kwa kuchunga ngombe. Kisha akawekwa ku kuchagua mawe ndani ya makala, kisha akawa na baba yake ku moto ya mashini. Alipofikisha miaka 17 walimupa kazi ya kuongoza mashini yenyewe, na baba yake akawa chini yake, anatia makala mu mashini yenye mutoto wake anaongoza. Mu familia zetu za wafanyakazi, tunajua vile jambo kama hilo linaingia mu nyumba: baba anafurahi na anachomeka kidogo kwa wakati mumoja.

Kila posho, kijana alikuwa anafungua mashini yake, anasafisha kila kipande, anarudisha. Hivyo njo alijifunza. Lakini kusoma, hapana. Alikuwa na miaka 18 wakati alijua kwamba mambo ya mashini za mupya yameandikwa mu vitabu na yeye hawezi kuyafikia. Kutoka ku mushahara wake mudogo alilipa mwalimu wa usiku. Mutu muzima, mikono ya mafuta na makala, anaandika herufi za watoto. Alipofikisha miaka 19 aliweza kuandika jina yake.

Mwaka 1802 alioa Frances Henderson. Juu ya kuongeza makuta alishona viatu. Inasimuliwa kwamba siku moja moto ilishika dohani ya nyumba yao, majirani wakamwanga maji mingi, na saa ya ukutani ikajaa maji na masizi. Hakuwa na makuta ya kumulipa fundi. Akaifungua mwenyewe, akaitengeneza, na kutoka siku ile watu wa kambi wakaanza kumuletea saa zao. Mu 1803 mutoto mwanaume alizaliwa, akaitwa Robert jina la babu yake. Mu 1805 mutoto mwanamuke alizaliwa, akakufa baada ya wiki tatu. Mu 1806 Frances naye alikufa na kifua kikuu.

Tuko tunaandika hii kwa mistari mitatu, lakini kwake ilikuwa miaka. Alimuacha Robert mudogo na watu wa nyumbani, akaenda kwa miguu mpaka Scotland kutafuta kazi ku mashini ya kiwanda kimoja. Wakati alirudi na makuta yenye alichunga, alikuta baba yake amekuwa kipofu: mutu alifungua mvuke wakati muzee alikuwa ndani ya mashini anatengeneza, ikamuunguza ku macho. Posho ya kazini haikukuwa tena, na madeni yalikuwa mingi. George alilipa madeni, akachukua wazazi wake wote wawili kwake. Wakati ule serikali ilikuwa inakamata vijana kwenda mu jeshi, sababu Uingereza ilikuwa ku vita na Napoléon. Makuta yenye ilibakia aliitoa kulipa mutu mwingine aende ku fasi yake. Alifikiri kukimbilia Marekani, lakini hata makuta ya meli hakuwa nayo.

Alibakia basi ku shimo la Killingworth, na hapo njo mambo yaligeuka. Mu 1811 mashini ya pompi ya shimo moja ilikuwa imeshindwa kutoa maji, na maenjenieri walikuwa wamejaribu bule. George alisema ataweza. Waliomukubalia walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Alichukua watu wenye alichagua yeye mwenyewe, akafungua mashini, akabadilisha vipande, na mu siku kidogo maji yaliisha mu shimo na wachimbaji wakashuka. Mu 1812 wakubwa wa mashimo walimupa mashini zao zote achunge, kwa pauni 100 kwa mwaka.

Sasa tufike ku lampe, sababu ni hapa wasomaji wetu wa mashimo watasikia mutu wa kwao.

Mu shimo la shaba, adui yetu ni jiwe lenye kuanguka, maji, na hewa mubaya. Mu shimo la makala kuko kingine: gazi yenye kutoka ndani ya makala yenyewe. Haina rangi, haina harufu, na inangojea paka moto. Na wakati ule muchimbaji alikuwa anashuka na mushumaa. Tarehe 25 Mai 1812, ku shimo la Felling, karibu na Newcastle, gazi ilishika moto na watu 92 wakakufa, wanaume na watoto wanaume wenye walikuwa wanafanya kazi pamoja nao. Killingworth nayo ilikuwa imekwisha kuzika watu wake.

Wakubwa wa makanisa na wa mashimo waliomba musaada kwa Sir Humphry Davy, mwanasayansi mukubwa wa London. Kwa wakati ule ule, bila mutu kumutuma, George alikuwa anashuka kila mara fasi yenye gazi inatoka mu nyufa, anapeleka mushumaa karibu na kuangalia namna moto inajigeuza. Wengine walimuona kama mwenda wazimu. Aliona kwamba moto haiwezi kupita mu kijibomba chembamba. Akachora lampe yenye kioo, yenye hewa inaingia kwa vijibomba vidogo. Mu mwezi wa Oktoba 1815 alishuka nayo na watu wawili. Walipokaribia fasi yenye gazi ilikuwa inalia ikitoka, wale wawili walibakia nyuma. Yeye akaendelea peke yake na lampe yenye kuwaka mu mukono. Moto ya ndani ilipanda, ikazimika. Shimo halikulipuka. Akawasha tena, akarudilia.

Tunaomba musomaji asimame hapa kidogo. Huyu mutu hakuwa na kitabu chenye kumuambia kwamba haitalipuka. Alikuwa na mutoto wa miaka 12 ku nyumba na wazazi wawili wenye kumutegemea, mumoja kipofu. Kama alikuwa amekosea, tungekuwa hatujui jina yake, na watu wawili wenye walikuwa nyuma yake pia.

Mu mwezi wa Novemba 1815, Davy alionyesha lampe yake kule London; baadaye ilikuwa ya wavu wa chuma. Njia mbili tofauti zilifika ku shabaha moja. Lakini Davy alipewa pauni 2 000, na George pauni mia moja na kidogo. Wakati watu wa Newcastle walisema kwamba lampe ya George ilikuwa imekwisha kushuka mu shimo, watu wa Davy walijibu kwamba haiwezekani, fundi wa shimo mwenye hajasoma hawezi kupata jambo kama hilo, lazima aliiba. Davy mwenyewe alikubali mambo hayo mpaka kufa. Wakubwa wa mashimo na watu wa kwao walichunguza, wakachanga pauni 1 000, wakamupatia George. Mu 1833, wakati Davy alikuwa amekwisha kufa, kamati ya Bunge iliandika kwamba Stephenson ana haki sawa na ya Davy juu ya lampe. Kule kwao wachimbaji walikuwa wamekwisha kukata shauri zamani: walishuka na lampe ya George, wakaiita Geordie, na kuko wenye kusema kwamba watu wa Newcastle wanaitwa Geordie mpaka leo sababu ya lampe hiyo. Sisi hatumuchukie Davy. Lampe yake nayo ilichunga watu. Lakini kusema mutu ni mwizi sababu hakusoma, hiyo ni mbaya.

George alibakia na kidonda hicho. Hakuwaamini tena watu wa masomo ya London, na kwa upande mwingine alikata shauri kwamba mutoto wake hatakuwa kama yeye. Robert alipelekwa ku shule muzuri ya Newcastle, juu ya punda. Mangaribi alileta vitabu ku nyumba, na baba na mutoto walisoma pamoja. Mutoto alikuwa mwalimu wa baba.

Lokomotivi sasa. Watu wengi wanasema ni George alianzisha, na si kweli. Wa kwanza alikuwa Richard Trevithick, naye mutu wa mashini za mashimo, mwenye alitembeza ya kwake ku Wales mu 1804. Lakini reli zilivunjika chini ya uzito na akaachia. George alitengeneza ya kwake ya kwanza, Blücher, mu 1814 ku Killingworth. Iliweza kuvuta tani 30 kupanda mulima kidogo, kwa mwendo wa mutu mwenye kutembea kwa miguu. Aliendelea kuongeza nguvu, na akaelewa jambo lenye wengine hawakuelewa: kwamba mashini na reli ni kitu kimoja. Alikuwa na sehemu mu biashara ya reli za chuma cha kumwanga, lakini wakati aliona kwamba chuma cha kufuliwa ni bora, aliambia wenye kununua wachukue kile, hata kama ilimupotezea makuta.

Tarehe 27 Septemba 1825 njia ya Stockton na Darlington ilifunguliwa, na George mwenyewe aliongoza Locomotion. Ilikuwa njia ya makala, kutoka mashimo mpaka bandari. Lakini siku ile watu kama 600 walipanda, wengi juu ya makala. Upana wa reli zake aliuchukua ku reli za mashimo ya kwao, na leo karibu nusu ya dunia na zaidi inatembea ku upana wenye karibu sawa na huo, milimeta 1435. Zetu za Katanga ni ndogo, 1067, sababu reli yenye ilifika Élisabethville mu 1910 ilitoka kusini, ku makoloni ya Waingereza yenye ilichagua upana ule.

Tusifiche kingine: mu mwezi wa Julai 1828 shodiere ya Locomotion ililipuka, ikaua dereva wake, John Cree. Wale wenye kulalamika juu ya uchunguzi wa kila miaka 10 wakumbuke jina hilo.

Kisha ilikuja kazi ya kuunganisha Liverpool na Manchester. Mu 1825 George alisimama mbele ya kamati ya Bunge kule London, na maavoka wa wenye mashamba na wa mifereji wakamupiga maulizo siku tatu. Vipimo vya njia, vyenye alikuwa ameachia wasaidizi, vilikuwa na makosa, na hakuweza kuvitetea. Walicheka pia Kiingereza chake cha kaskazini. Mutu wa kambi mwenye alisimamishaka mbele ya wakubwa wa Kinshasa ao wa Bruxelles na lugha yake ya nyumbani anajua vile jasho inashuka ku mugongo. Siku ile kosa la vipimo lilikuwa lake, tuseme ukweli, na alijifunza. Mu 1826 Bunge likakubali, na kampuni ikamurudisha. Kulikuwa matope moja makubwa, Chat Moss, yenye kumeza kila kitu. Alitandika juu yake matawi na majani mingi sana mpaka njia ikaelea. Treni zinapita hapo mpaka leo.

Mu mwezi wa Oktoba 1829, ku Rainhill, kampuni iliweka mashindano ya lokomotivi kwa pauni 500. Ile ya Stephenson, baba na mutoto, iliitwa Rocket. Robert alikuwa ametoka Colombia, kwenye alikuwa anaangalia mashimo ya feza, na ni yeye aliongoza kazi mu atelie yao ya Newcastle. Nguvu ya Rocket ilitoka wapi? Mu shodiere yake, badala ya bomba moja kubwa la moto, walipitisha mabomba 25 madogo ya shaba. Ndiyo, shaba. Moto ilipata fasi mingi ya kugusa maji, na mvuke ikawa mingi. Lokomotivi zingine zilivunjika ao zilishindwa. Rocket ilimaliza safari zote na ikafika kilometa 48 kwa saa. Baadaye, miaka zaidi ya mia, masanduku ya moto ya lokomotivi za Uingereza yalikuwa ya shaba, na yale yenye kutembea sikukuu leo, mingi ni ya shaba vilevile. Ni chuma chetu, hata kama si ya kwetu ile.

Siku ya kufungua njia, tarehe 15 Septemba 1830, mubunge William Huskisson alishuka ku reli na Rocket ikamukanyaga muguu. George alimubeba mwenyewe na lokomotivi nyingine, Northumbrian, kwa mbio yenye mutu hakuwa ameionaka. Huskisson alikufa usiku ule.

Kutoka hapo utajiri ulikuja. Wakati wa kutoboa mulima juu ya njia moja, ku Clay Cross, walikuta makala, na George akafungua shimo lake. Kampuni ile ilijenga nyumba za wachimbaji na shule za watoto. Alikaa mu nyumba kubwa karibu na Chesterfield, analima matunda, anagombana na matango yake yenye kukataa kunyooka. Mwisho aliyatia mu bomba za kioo mpaka yakanyooka, na hilo lilimufurahisha kama Rocket. Walitaka kumupa cheo cha Sir, akakataa. Alikufa tarehe 12 Agosti 1848, akazikwa mu kanisa la Holy Trinity la Chesterfield. Mu miaka ya 1990 sura yake ilikuwa ku noti ya pauni 5 ya Uingereza.

Ile nyumba ya Wylam ingali inasimama. Njia ya vagoni yenye ilipita mbele ya mulango imeondolewa reli, na leo ni barabara ya watu wa miguu na wa kinga.